Mdomo wa Tanuru

Mzee Ntirampeba, Profesa wa Udongo, Daktari wa Matofali na Waziri wa Matanuru Yote ya Ujiji na Vitongoji Vyake, alikuwa hajawasha moto tangu Januari.

Vyeo hivyo hakuvipata serikalini. Alivipata kwa mjukuu wake Esther, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye aliwahi kubandika kwenye ubao wa shule yao ya bweni, kwa mwandiko unaofanana kabisa na wa mkuu wa shule, tangazo kwamba maharage yamepewa likizo ya wiki mbili kutokana na utumishi wao wa muda mrefu. Kwa tangazo hilo alifyekeshwa nyasi siku nne. Alizifyeka kwa uso wa huzuni, kofia kifuani, kama mtu aliyefiwa na jirani, mpaka mwalimu wa zamu akageuka pembeni kucheka.

Likizo ya Juni alishuka kwenye bodaboda na sanduku lake la bati, akapita uani, akaenda moja kwa moja bondeni. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Kando ya Mto Luiche moshi wa matanuru ya watu wengine ulikuwa unapanda. Kwa babu yake palikuwa na safu tu za matofali mabichi, zimefunikwa kwa nyasi tangu mwaka jana, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza kwa mvua za masika na kuanza kuota upya. Mzee alikuwa amechuchumaa katikati, ana kijiti mkononi, anachora chini.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Shule haijakufukuza?"

"Bado wanatafuta fomu."

Zamani hapo Mzee angecheka mpaka akohoe. Sasa alisogea tu kidogo, akampa nafasi ya kuona mchoro. Palikuwa na nyumba. Chini ya nyumba palikuwa na sanduku. Kutoka kwenye sanduku zilitoka njia nyingi, nyingine zikipanda vyumbani, moja ikitoka nje ukutani.

"Wewe umesoma," Mzee alisema. "Hili tanuru la Marekani. Mdomo wake ni upi?"

Esther aliutazama mchoro. Katika maisha yake alikuwa amesema uongo mwingi mzuri, uongo uliopangwa, wenye mihuri na sahihi. Huu aliousema sasa haukuwa na ufundi wowote.

"Sijui, Babu."

Alikuwa anajua. Nchi nzima alikuwa anajua yeye peke yake, na alikuwa amekaa na jambo hilo miezi mitano darasani, bwenini, kanisani na kwenye foleni ya uji.

*

Léoncie alikuwa mama yake mdogo Esther na kitinda mimba wa Mzee. Aliolewa na Ngendakumana, kijana wa kambi ya wakimbizi, na jina la familia ya Ngendakumana lilipotoka kwenye orodha ya wanaopelekwa Marekani, Léoncie naye akaenda. Walipelekwa upande ambao mto, Desemba ikifika, unakuwa sakafu na watu wanaegesha magari juu yake. Mzee hakuamini hilo mpaka alipoonyeshwa picha, na hata baada ya picha aliamini nusu tu.

Majira ya baridi ya kwanza Léoncie alipiga simu kwa Esther, akitaka kuongea na baba.

"Data!" alipiga kelele. Kwao baba ni Data. "Data, nyumba yetu inapumua!"

"Nyumba gani inapumua?"

"Hii! Sakafuni kuna matundu, yana vyuma kama chujio la chai kubwa. Yanatoa hewa ya moto. Ngoja niweke simu hapo, usikie."

Wakasikia. Hhhhhh. Mzee aliweka kiganja mbele ya simu kana kwamba joto lingefika Ujiji.

"Moto wenyewe uko wapi?"

"Chini. Nyumba ina chumba cha chini ya ardhi, humo ndimo lilimo tanuru."

Neno hilo alikuwa amepewa na mkalimani wa ofisi iliyowapokea, mzee mmoja wa Kikongo, siku ya kwanza walipoonyeshwa nyumba. Mashine ilikuwa na moto ndani, na yeye akatafuta katika Kiswahili chake neno la kitu kikubwa chenye moto ndani, akapata hilo. Hakukosea sana. Ila hakujua kwamba Ujiji kuna mzee aliyekula, aliyesomesha na kuozesha kwa neno hilo miaka arobaini. Tangu siku hiyo nyumba ya Léoncie iliingia chini ya mamlaka ya Wizara. Kila simu ilianza kwa salamu, kisha watoto wa jirani, kisha, "Na tanuru linasemaje?"

"Linavuta sigara, Data. Lina bomba limetokeza nje ukutani, mchana kutwa linatoa mvuke mweupe. Ngendakumana anasema nyumba yetu ni mvutaji mkubwa."

Wote watatu walicheka. Yalikuwa maneno mazuri, na Esther aliyahifadhi, kwa sababu maneno mazuri alikuwa anayahifadhi yote.

Desemba iliyopita mashine ilianza kuchoka. Januari ilipoanza, Esther alikuwa bado nyumbani likizo. Léoncie alipiga, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu aliye nyuma ya pikipiki.

"Moto unawaka, Data, nimeshuka nikauona. Feni nayo inanguruma. Ila matundu yanapumua kidogo kidogo, kama mgonjwa. Nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba. Mwenye nyumba tumemwambia, anasema atakuja Jumatatu, na Jumatatu yake haina..."

Simu ikakatika. Mtandao wa bondeni ni wa kuomba Mungu.

Mzee alikuwa ameshasikia ya kumtosha. Alifuta udongo mikononi, akatoa hukumu. Tanuru ukishaliwasha, moto ukipanda mpaka juu, unafanya nini? Unaziba midomo ya kutilia kuni. Unakandika tope, huachi hata ufa, maana ukiacha wazi joto lote linakwenda kupasha mawingu na matofali yanabaki mabichi. Léoncie anajua. Tangu akiwa na miaka sita alikuwa anamletea baba yake maji ya kukandia tope hilo.

"Mtumie maneno," alimwambia Esther. "Mwambie azibe mdomo."

Halafu akaenda kuoga.

Esther alibaki na simu na wazo. Alisafisha koo, akabonyeza kitufe cha kurekodi, na akatoa sauti yake ya matangazo, ile nzito, ya puani kidogo, iliyompa jina shule nzima.

Ujumbe ulikwenda. Asubuhi ya pili, Jumapili, Mzee akiwa kanisani, ikaja video ya kujibu. Esther aliitazama mara tatu akicheka peke yake jikoni. Alipanga kumwonyesha babu wakati wa chakula, lakini simu iliishiwa chaji, akaipeleka dukani kuchajisha, na wageni wakaja, na siku ikaisha.

Jumatatu kasimu kadogo ka Mzee kaliita akiwa juu ya rundo la matofali. Alikuwa Ngendakumana. Alikuwa amerudi kutoka kazini, zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, akamkuta Léoncie amelala kitandani na makoti yake mawili, haamki, shavu jekundu kama la mtu mwenye afya. Hewa ya tanuru ilikuwa imeingia ndani ya nyumba. Haina harufu, alisema. Mashine ilikuwa ya zamani, Data. Ni bahati mbaya. Hakusema zaidi, na mkwe hamhoji mkwe.

Lakini jioni ile ile Esther naye alipata ujumbe kutoka kwa Ngendakumana. Ulikuwa wa mstari mmoja: *Esther, kuna mtu alimwambia azibe bomba?*

Hakujibu. Alizima simu, akaifunga kwenye fulana, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo za bibi yake marehemu. Wiki iliyofuata alirudi shule. Wakazika kule, wakaomboleza huku. Siku tatu za matanga watu walikaa kwenye majamvi bila jeneza la kutazama, na Mzee alimshika kila mtu aliyekuja kumpa pole, mwalimu, padri, hata dereva wa lori la kokoto, akamuuliza tanuru la Marekani limejengwaje na mdomo wake uko wapi. Wote walimjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mzee alikuwa hajauliza kuhusu kazi ya Mungu.

*

"Kesho tunakwenda mjini," Mzee alisema, akisimama kutoka kwenye mchoro kwa kushika magoti. "Mtaa wa Mwanga kuna fundi wa mafriji, Hamdani. Wanasema anafunga na viyoyozi. Mtu anayejua kuleta baridi ndani ya nyumba atajua na joto linaingiaje."

"Babu, mafriji na..."

"Utanisaidia kuelewa. Mimi masikio yamezeeka."

Kwa hiyo kesho yake walikwenda, Mzee amevaa koti la harusi za watu, Esther amebeba daftari ambalo hakuwa na nia ya kuandika kitu ndani yake.

Hamdani alikuwa kijana mnene, mchangamfu, amezungukwa na mafriji yasiyo na milango na milango isiyo na mafriji. Aliposikia shida yenyewe alipiga makofi.

"Mzee wangu! Kigoma hii, joto lote hili la ziwani, unataka kupasha nyumba? Mifupa inalia kiasi hicho?"

"Nataka kujua tu, mwanangu."

"Kujua ni bure. Kaa hapo. We dada, sogeza hiyo pasi usije ukaikalia."

Alivuta jiko la mkaa alilokuwa anapikia chai, akaweka sufuria tupu juu yake. Kisha akaleta feni ya mezani, akaigeuza ipulize kupita juu ya sufuria, kuelekea kwa Mzee. Hewa ya uvuguvugu ikampiga Mzee usoni. Alifumba macho.

"Unaisikia? Hiyo ndiyo yenyewe, yote. Sasa nisikilize vizuri. Humo ndani kuna hewa mbili. Kuna hewa ya moto na kuna hewa ya watu. Hewa ya moto iko huku chini, kwenye mkaa. Hewa ya watu iko huku juu. Katikati kuna chuma. Hii sufuria. Hewa ya watu inagusa chuma, inachukua joto, inaondoka. Moto wenyewe haiugusi. Hazikutani hata siku moja, kama mke mkubwa na mke mdogo."

"Haya," Mzee alisema.

"Hii ya watu haitoki nje. Inazunguka tu. Ukutani kuna tundu kubwa linaloivuta, inashuka chini, inapita kwenye chujio linalozuia vumbi, feni inaisukuma ipite kwenye chuma cha moto, halafu inapanda kwenye njia za bati mpaka kwenye vile vitundu vya sakafuni. Inawapasha watu, inapoa, inavutwa tena. Ukutani kuna kidude kinapima. Joto likitosha, kinazima moto chenyewe. Likipungua, kinawasha. Ni kama kiyoyozi, tofauti yake kiyoyozi kinatupa joto nje, hiki kinalileta ndani."

Mzee alikuwa ameegemea mbele, mikono kati ya magoti. Miezi mitano hakuna aliyemwambia kitu kilichokaa sawa namna hii. Esther aliona babu yake anafurahi, ile furaha ya fundi akisikia kazi ya fundi mwenzake, na aliona pia kwamba Mzee mwenyewe alishtuka kujikuta anafurahi, akaacha.

"Na kama moto unawaka," aliuliza, "feni inanguruma, ila matundu yanapumua kidogo kama mgonjwa?"

"Chujio hilo!" Hamdani alijibu hapo hapo. "Limejaa vumbi. Hewa haipiti. Unalitoa, unaweka jipya, dakika mbili, mtoto mdogo anaweza. Wengi wanaita fundi bure."

"Kwa hiyo ni kuzibua."

"Ni kuzibua tu, Mzee."

Esther alitazama sakafu. Palikuwa na msumari na kipande cha waya wa kijani. Alivitazama kwa bidii yote.

"Na hewa ya moto?" Mzee aliuliza. "Yenyewe inakwenda wapi?"

"Ina bomba lake, inatoka nje. Lile linalotoa mvuke."

"Mtu akiliziba?"

Esther alinyoosha mguu kumkanyaga fundi, akakanyaga waya wa feni. Feni ikazima. Katika kimya hicho Hamdani, ambaye hakuwa anajua lolote, alijibu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake.

"Aa, huyo ameingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mashine mpya zina kidude kinachozima moto bomba likiziba. Ya zamani, au iliyochezewa na fundi wa mitaani, itaendelea kuwaka. Ule moshi utarudi ndani, na hauonekani. Atalala tu."

"Na akiziba yale ya sakafuni?"

"Hapo hana neno. Atasikia baridi, atayafungua."

Mzee alishukuru. Alishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, akashika mkono wa Hamdani kwa mikono yake miwili. Mlangoni Hamdani alimvuta Esther pembeni.

"Mzee anajenga nini?"

"Hajengi," Esther alisema.

*

Walirudi bondeni jua likiwa limeanza kugeukia upande wa ziwa. Mzee alivua koti, akalitundika kwenye mti wa mpera, akaenda kwenye mchoro wake. Alichukua kijiti na kuchora upya kama alivyofundishwa. Hewa ya watu aliizungusha, ikashuka, ikapanda, ikarudi. Hewa ya moto aliipitisha njia yake mpaka nje ya ukuta. Mistari haikugusana popote. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi wa kidato cha tatu.

"Nilisema mdomo," alisema bila kuinua kichwa. "Sikusema upi. Kwangu midomo inaonekana, iko chini, hata mbuzi anaijua. Kwake yeye mdomo ulikuwa upi? Kama ni haya yanayopumua ndani, basi ni mashine ya watu imeharibika, ni bahati mbaya, kama mkwe alivyosema. Kama ni hili la nje..." Kijiti kilisimama juu ya ukuta. "Alikuwa hanibishii. Ndugu zake wote walikuwa wananibishia. Yeye nikisema leta maji, analeta."

"Babu..."

"Pastory wa kigangoni amekuja mara tatu, wanataka matofali ya darasa la chekechea. Nimemwambia atafute mtu mwingine. Uwanja huu nitauuza. Mtu hawezi kuua kwa tanuru na bado akaliwasha. Sitajua mdomo upi, Esther. Nitakufa sijajua. Sasa bora nichukue kwamba ni lile la nje, nikae nalo."

Esther alifungua kinywa atoe mzaha. Huo ndio ulikuwa mkono wake wa kushikia kila kitu. Alikuwa na sauti ya matangazo, sauti ya padri, sauti ya mkuu wa shule, sauti ya mnadi dagaa wa Kibirizi. Haikuja hata moja.

Akaenda ndani. Alifungua sanduku la bibi, akachimba chini ya vitenge mpaka fulana, akatoa simu. Ilikuwa imekufa. Akaipeleka dukani, akasimama hapo hapo kaunta dakika arobaini akiitazama inavyojaa, mpaka mwenye duka akamwuliza kama anailinda isiibwe. Ingekuwa rahisi kufuta. Vidole vilijua njia: bonyeza, shikilia, futa. Babu angebaki na dhana yake, na dhana, si ndiyo aliyoichagua mwenyewe?

Alirudi bondeni akakaa juu ya tofali karibu na babu yake.

"Si wewe uliyesema mdomo upi," alisema. "Ni mimi. Sikiliza."

Akabonyeza.

Sauti ilitoka nzito, ya puani kidogo, imejaa furaha. *"Tangazo! Tangazo! Kutoka Wizara ya Matanuru, Ujiji. Mheshimiwa Waziri, baada ya kupokea malalamiko ya mwananchi Léoncie kuhusu ubaridi wa nyumba yake, anaagiza ifuatavyo. Mdomo uzibwe! Kwa wale wasiojua mdomo ni upi, ni lile bomba la nje linalovuta sigara. Lizibwe barabara, lisiachwe hata ufa, hadi Wizara itakapotangaza vinginevyo. Amri hii inaanza kutekelezwa mara moja."*

Bata wawili wa jirani walipita kati ya safu za matofali.

"Kuna nyingine," Esther alisema, na sasa sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba kama uzi. "Yake."

Kwenye video Léoncie alikuwa nje, koti juu ya koti, theluji mpaka magotini. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa mbao na bomba, na kwenye bomba lilikuwa limeshindiliwa blanketi la kijivu, lile la kambini. Alilipiga ngumi mbili kulikaza, kama watu wanavyokaza tope. Kisha akakakamaa, akapiga saluti. *"Mheshimiwa Waziri, amri imetekelezwa!"* Akageuka kuondoka kwa gwaride, mguu ukateleza, akakaa chini pwaa, na hapo ndipo alipocheka, mkono mmoja theluji, mwingine umeshika tumbo. *"Data, mwambie Esther aache! Nikicheka meno yanaganda!"*

Ikaisha. Esther alikuwa analia bila sauti, pua imemwagika, hakuifuta.

"Niliogopa," alisema. "Nilikuona unauliza watu, nikaogopa zaidi. Ngendakumana naye aliniuliza, sikumjibu. Ni mimi niliyechagua bomba, Babu. Wewe hukusema. Nililichagua kwa sababu lilikuwa linachekesha."

Mzee alinyoosha mkono. Esther alidhani anataka kumpiga, akakaa tayari, karibu kwa hamu. Lakini mkono ulikwenda kwenye simu.

"Rudisha," alisema. "Pale anapocheka."

Akarudisha. Mzee akasema rudisha tena. Aliisikiliza mara nyingi, Esther aliacha kuhesabu, na kila mara Léoncie aliteleza pale pale na kucheka vile vile. Jua lilifika kwenye vilima vya Kongo ng'ambo ya ziwa.

"Ungeniuliza siku ile mdomo upi," Mzee alisema mwishowe, "ningekwambia hilo hilo. La nje. Unafikiri ningesema lipi? Panapotoka mvuke ndipo moto unapokimbilia." Alipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba, akakiacha na udongo. "Ulisema nilichotaka kusema. Ulikisema tu kwa kelele."

"Babu, usinibebee."

"Sikubebei. Nakaa upande wangu." Akamrudishia simu. "Mjibu mkwe. Miezi mitano mtu anauliza, hajibiwi. Hata adui hafanyiwi hivyo."

Esther aliandika kwa vidole vilivyokuwa vinateleza. Mzee alisubiri, kisha akauliza, "Umeandika nini?"

"'Nilimwambia mimi. Nisamehe.'"

"Nili?"

"Nili."

"Futa. Weka *tuli*."

Esther alimtazama. Mzee alikuwa anatazama mchoro wake chini, ile mistari miwili.

"Tulimwambia," alisema. "Weka hivyo. Umtumie."

Alituma. Alama ya kwanza ikatokea, kisha ya pili. Huko ilikuwa bado asubuhi, Ngendakumana pengine ndiyo kwanza anatoka zamu. Walikaa wakingoja alama zigeuke buluu, na zilipogeuka waliendelea kukaa, na jibu halikuja siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu lilikuja. Lilisema: *Nimesoma. Nipeni muda.*

*

Wiki ya mwisho ya likizo Mzee alimwita Pastory, wakapanga matofali, wakakandika, wakaingiza magogo. Desturi ya uwanja ule, tangu Esther akiwa darasa la nne, ilikuwa kwamba moto hauwashwi mpaka Wizara itoe hotuba ya ufunguzi, na vibarua walikaa chini kabisa wakisubiri, wengine wameshaanza kutabasamu. Esther alisimama mbele yao. Alisafisha koo.

"Washeni," alisema.

Waliwasha. Moto ulikula siku mbili, ukapanda mpaka juu, na asubuhi ya siku ya tatu Mzee alisema sasa. Vibarua wakachukua tope wakaanza kuziba midomo, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwa wa Mzee mwenyewe. Esther alimletea maji. Mzee alikanda tope, akalishika viganjani, akachuchumaa mbele ya ule mdomo unaopumua joto, na akabaki hivyo mpaka tope likaanza kumkaukia vidoleni.

"Nikuzibie, Babu?"

"Oya," Mzee alikataa kwa Kiha. "Acha."

Siku walipofungua tanuru Esther alikuwa amefunga sanduku lake, bodaboda inamsubiri barabarani. Matofali ya pande tatu yalitoka mekundu, yakigongwa yanalia kama chuma. Ya upande wa nne yalikuwa na rangi ya uji. Pastory alichukua moja, akaliminya pembeni, likamomonyoka.

"Mzee, huku mdomo mlisahau?"

Mzee alikuwa anayatoa yale mabovu moja moja, anayapanga pembeni, peke yake, taratibu, kama mazima. Esther aliweka sanduku chini. Aliingia kwenye majivu kwa viatu vya shule, akaanza kumpokelea.